Leseni ya Mistari Minne

Mimi ni mwanamke ninayeijua kazi yangu, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia kwa unyonge. Nafanya dizaini hapa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia paa la jirani na kamba yake ya nguo. Menyu za mikahawa, vibao vya maduka, lebo za asali, lebo za mafuta ya nazi: mengi anayoyasoma mgeni katika mji huu yamepita mkononi mwangu, na yasiyopita hujulikana tu, maana yana herufi za aina sita na kila moja ina rangi yake. Wateja wananijua kwa mambo mawili. Sicheleweshi kazi, na sipendi kuambiwa nikuze maandishi.

Picha mara nyingi sipigi, nanunua. Siku hizi kuna maduka ya picha mtandaoni, unaandika unachokitaka, zinamiminika, unachagua, unalipa, unaishusha kwenye kompyuta yako. Kila picha inakuja na leseni yake, yaani ruhusa ya kuitumia, na leseni haziko sawa. Kuna ya kawaida, kuna nyengine pana zaidi kwa vitu vitakavyouzwa, na kuna ya habari tu, ambayo ni ya magazeti na vitabu, si ya biashara. Haya nilikuwa nayajua kwa juu juu. Miaka yote nilikuwa nakibonyeza kile kisanduku cha "nimesoma na nimekubali" na sijasoma hata mstari. Kwetu sisi mtu akishanunua samaki wake sokoni Darajani, kolekole tuseme, muuzaji hamfuati nyumbani kumuuliza atamkaanga au atamtia nazi. Umelipa, ni wako. Na mimi picha nilikuwa naichukulia vivyo hivyo, wala sidhani kama nilikuwa peke yangu kisiwa kizima.

Kazi yenyewe ilitoka Chwaka. Kulikuwa na ushirika wa wanawake kumi na tano waliokuwa wakilima mwani, wakiukausha, wakiusaga na kuutilia kwenye sabuni. Sabuni nzuri, ina harufu ya mchaichai na haikwaruzi mwili. Kwa miaka walikuwa wakiuza mojamoja, leo mgeni kapita, kesho hakupita mtu. Sasa hoteli moja ya Kendwa ilikuwa imekubali kuweka sabuni yao katika kila choo cha mgeni, kwa sharti moja, ije ndani ya boksi la kupendeza na iwahi kabla ya msimu wa wageni. Mwenyekiti wao, bibi wa makamo asiyepaza sauti, alipanda ngazi zangu mbili akihema, akakaa, akasema, "Mwanangu, tukilikosa hili hatupati jengine." Nikamwambia, "Bi Mwenyekiti, hili mmeshalipata."

Picha niliipata siku ile ile. Mwanamke yumo majini mpaka kiunoni, tenga la mwani kichwani, ushungi umerushwa nyuma na upepo hata shingo inaonekana, na anacheka. Si kile kicheko cha kuambiwa cheka. Kinywa wazi, macho kayafumba, mtu kacheka mpaka kachoka. Na imepigwa kutoka chini, karibu na usawa wa maji, kiasi ambacho yule mwanamke anaonekana mrefu kama mnara. Nikasema moyoni, huyu aliyeipiga ni fundi. Nililipa bila ya kupepesa. Nyuma ya bega lake alikuwako mwanamme ameinama anafunga kamba ya mwani, nusu uso kaugeuza huku. Alikuwa ananiharibia nafasi ya jina la sabuni. Nikamkata.

Maboksi yalichapishwa Dar, yakaja na boti makatoni manne. Moja nililifunga nyuma ya vespa yangu, nikashika njia ya Chwaka, na wallahi njia nzima nilikuwa naona raha. Nilikuwa nshatunga na maneno ya kuwaambia.

Walikuwa wamekaa ukumbini kwao, kibanda cha makuti kando ya jiko wanalochemshia mwani. Nikalikunja boksi moja mbele yao, nikatia sabuni ndani, nikampa Bi Mwenyekiti. Akalitazama. Akampa wa pili. Likazunguka mkono kwa mkono, na kila lilipofika watu wananyamaza, mpaka kibanda kizima kikawa kimya. Mimi ni mtu wa kazi, nnajua kimya cha watu waliopenda kitu. Kile hakikuwa hicho.

"Huyu umempata wapi?" Bi Mwenyekiti aliniuliza.

"Mtandaoni. Nimemnunua."

Mmoja akacheka kwa pua. Bi Mwenyekiti hakucheka. Akanyoosha mkono kuelekea nje, nyumba ya tatu kutoka pale, ukuta wa mawe na mlango wa bluu. "Huyu anakaa pale," akasema. "Si mwenzetu wa ushirika, yeye na mumewe walikuwa wana mwani wao. Mumewe kafa mwezi uliopita. Yumo edani."

Kwa asiyeijua eda, ni miezi minne na siku kumi ambayo mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa ndani. Hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wasiokuwa wake. Watu wanaiheshimu hata wanaume wakipita mlangoni hupunguza sauti. Na mimi nilikuwa nimekuja na katoni zima la uso wake, shingo wazi, anacheka.

"Uso wake utakwenda kuwekwa vyooni," Bi Mwenyekiti alisema taratibu, kama anayenihesabia. "Kendwa. Wanaume watakuwa wanakoga mbele yake."

Hapo hamaki ilinipanda. Sikuwahi kumkosea mtu kwa kusudi, na hapa nilikuwa natazamwa na wanawake kumi na tano kama mwizi wa kuku. Nikawaambia, jamani, mimi sikuokota picha njiani. Nina leseni. Nimelipa kwa pesa yangu na leseni ninayo kwenye simu, ngojeni niwasomee mjue. Nikatoa simu, nikaitafuta ile barua iliyokuja na risiti, nikasimama katikati ya kibanda, nikaanza kusoma na kuwafasiria kwa sauti ya mtu anayejua analolifanya. Mwenye leseni hii anaruhusiwa kuitumia picha mara nyingi kadiri apendavyo. Naam. Dunia nzima. Naam. Kwa habari, elimu na maoni. Naam. "Haitumiwi kuuza wala kutangaza bidhaa," nikafasiri, na sauti ikaanza kupungua yenyewe. "Watu waliomo pichani hawakutoa idhini."

Bibi mmoja wa nyuma, ambaye alikuwa anachambua mwani wakati wote huo, akasema bila ya kuinua kichwa, "Rudia hapo."

Nikarudia. Ilinibidi.

Niliona haya, lakini mimi nikiona haya huwa nafanya kazi haraka zaidi, siketi nikalia. Nikawaambia nitakwenda kwa mwenyewe sasa hivi, nitamweleza, atatia saini karatasi ya ridhaa na mambo yatakwisha. Nikaiandika palepale kwa mkono kwenye daftari langu, mistari mitatu, nikaacha nafasi ya saini. Msimu ulikuwa mbele yetu, hoteli ilikuwa inangoja, na makatoni matatu mengine yalikuwa ofisini kwangu. Saini moja tu. Bi Mwenyekiti akaniangalia nilivyoikunja ile karatasi. "Nenda," akasema, "lakini nenda kutoa pole kwanza. Hilo jengine likija, lije lenyewe."

Nikapiga hodi mlango wa bluu. Alikuwa peke yake chumbani, kakaa juu ya mkeka, nguo nyeupe, hakuna harufu ya udi wala mafuta. Alikuwa mkubwa wangu kidogo. Nilimwamkia, nikampa pole, nikasema Mungu amrehemu, akasema amin. Halafu akaniambia, "Nasikia mimi nimekuwa sabuni." Habari zilikuwa zimefika kabla yangu, na ni nyumba ya tatu tu.

Nikampa boksi. Alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama muda mrefu. Mimi nilidhani anautazama uso wake. Akaweka kidole nyuma ya bega lake, pale nilipoandika jina la sabuni.

"Hapa palikuwa na mtu," akasema.

"Alikuwapo."

"Kamtoa nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nimeshaulizwa maswali mengi ya kazi na wateja wa kila namna, na kila moja nina jibu lake. Hili nililijibu kama lilivyo, kwa kuwa la uongo lisingefaa. "Nilitaka nafasi ya kuandika," nikasema.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Akauliza tu, "Nzima unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye simu, ile niliyoinunua, kabla ya kuikata. Nikamfungulia. Akaichukua simu, akaipanua kwa vidole, akajipita mwenyewe, akaenda moja kwa moja nyuma mpaka uso wa yule mwanamme ukajaa kioo kizima. Ndipo na mimi nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemkata bila ya kumtazama. Alikuwa kainama na kamba yake, kageuza uso, na yeye pia alikuwa anacheka, meno yote nje.

"Huyu mpiga picha alikuwa anarudi kinyumenyume," mama yule akaniambia, macho hajayatoa kwenye simu. "Tukamwambia nyuma yako kuna shimo. Hasikii. Akakaa majini chwaa, mpaka hapa, kamera kaiinua juu. Kisha palepale chini alipokaa akatupiga. Mume wangu alicheka hata kamba ikamtoka." Akavuta pumzi. "Picha yake iliyobaki ni ya kitambulisho. Na humo kakunja uso, utasema kashikwa na polisi."

Basi ule usawa wa maji nilioupenda, ule ufundi wote, ulikuwa ni mtu kaanguka matakoni. Nikacheka, siwezi kusema sikucheka. Na yeye akacheka kidogo, akaziba kinywa kwa ushungi, kisha machozi yakamtoka, na mimi nikatazama mlangoni mpaka alipomaliza.

Ile karatasi ilikuwa mkobani. Nitasema kweli, wakati ule wote nilikuwa najua ipo. Na yeye ndiye aliyelianza.

"Bi Mwenyekiti anataka sana hiyo hoteli," akasema.

"Anataka."

"Na nikisema sitaki mimi?"

Niliwaona wale wanawake kumi na tano kibandani, na miaka yao ya kuuza mojamoja. Nikamwona na huyu aliyekaa mbele yangu. Ningeweza kumbembeleza, na nadhani angekubali, kwa sababu ya jirani zake. Mimi nikitaka kitu najua kusema. "Ukisema hutaki," nikamwambia, "basi hakuna. Hoteli nitazungumza nayo mimi."

"Sitaki," akasema.

"Haya," nikasema. Karatasi nikaichana nje.

Hoteli nilizungumza nayo kweli, siku ile ile, nimesimama kando ya vespa. Nikamwambia meneja kwamba picha niliyoitumia haina ruhusa ya biashara, kosa ni langu, na kwamba kama boksi lile lingefika vyooni mwake basi lawama ingekuwa yangu na yake pamoja. Anipe wiki mbili. Alinung'unika, akasema mambo ya msimu, akanipa siku kumi. Siku kumi kwangu ni nyingi.

Makatoni yote manne niliyakusanya Chwaka na Bi Mwenyekiti akasimamia mwenyewe. Alikataa yatupwe. Tulikata uso katika kila boksi, tukavitia vile vipande motoni chini ya sufuria la mwani, yeye amekaa anatazama mpaka cha mwisho. Safari hii picha nilipiga mimi, kwa simu yangu, mikono tu, mikono kumi na tano inachambua mwani juu ya chano, lile sinia la mti. Na karatasi za ridhaa niliandika kwa Kiswahili kinachosomeka, nikamsomea kila mmoja peke yake: picha itakwenda wapi, kwenye nini, muda gani, na kwamba akibadilisha mawazo kabla ya kuchapishwa aniambie. Yule bibi aliyeniambia nirudie ndiye aliyenichukulia muda. "Na nikifa?" akauliza. "Mkono wangu utakuwa unaendelea kukosha watu?" Nikaongeza sharti, kwamba akifa wanawe waulizwe. Akatia dole gumba, kisha akalitazama vizuri kuhakikisha limetoka.

Maboksi yaliwahi. Sabuni ipo Kendwa mpaka leo, na kila msimu wanaagiza tena. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo, ingawa Bi Mwenyekiti anasema usiku wa kuamkia siku ya tisa nilimpigia simu mara tatu.

Lakini lilibaki la picha. Yule mama hakuniomba, alinirudishia simu tu, akaniambia nenda salama. Nilipofika ofisini nikaifungua leseni ile na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nikaisoma yote, kutoka herufi ya mwanzo hadi ya mwisho. Nilikuwa natafuta kitu kimoja. Je, naweza kuchapisha nakala moja nikampa mjane? Mtu angesema, chapisha tu, nani atajua. Mwezi mmoja nyuma ningesema hivyo na mimi. Leseni ilikuwa yangu, haikuniruhusu kumpa mtu mwengine, nami nilikuwa nimeshachoka kuichukulia picha hii kama samaki. Nikamwandikia mpiga picha kupitia duka lile. Nikamweleza ni nani wale aliowapiga, na nini kimetokea, na naomba nini.

Alijibu baada ya siku tatu. Akasema anakumbuka sana lile shimo. Akasema hakuwauliza majina, na jambo hilo sasa linamkera. Akanitumia picha kubwa, safi zaidi ya ile ya dukani, na ruhusa ya kuchapisha kwa ajili ya nyumba ile. Mwisho akauliza swali ambalo sikulitarajia: huyu mama angependa yeye aifanye nini picha hii?

Nilingoja eda imalizike. Nilikwenda na picha imetiwa fremu ya mti wa mninga, kazi ya fundi wa Malindi ambaye nilimgombeza kwa pembe moja iliyopinda hata akaifanya upya. Mama yule alikuwa amevaa kanga mpya, kajifukiza, na mlango wa bluu ulikuwa wazi. Aliipokea, akaipangusa kwa upindo wa kanga na haikuwa na vumbi, akaisimamisha ukutani juu ya mkeka ili aione akiwa amekaa. Walionekana wakubwa, yeye na mumewe, wote wawili wanamcheka mtu aliyeanguka ambaye hayupo pichani.

Nikamwambia swali la mpiga picha. Alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Kalamu unayo?" akaniuliza.

Nikatoa daftari. Akanisemea taratibu, mstari mmoja mmoja, na kila nilipomaliza aliniambia nimsomee. Picha hii ni ya mimi na mume wangu. Aliyeipiga nimemruhusu aiweke kwake, aitazame, na akumbuke alivyoanguka. Isiuzwe tena, wala isitiwe kwenye kitu chochote kinachorowa.

"Basi?" nikauliza. Nilikuwa nshaanza kupiga mstari wa saini.

"Bado," akasema, na akanitazama mimi, si daftari. "Andika: mume wangu asikatwe."

Nikaandika. Akatia saini yake chini, na mimi nikatia ya kwangu chini ya yake.